Somo: Maneno ya ikolojia, tuyajifunze kwa miguu ndani ya mikoko

Habari zenu nyote. Wengi wetu ikolojia tuliikariri: nyasi, sungura, simba, mtihani, basi. Lakini simba akifa anakwenda wapi? Hapo ndipo daftari letu lilipoishia, na hapo ndipo penye utamu. Leo tutaingia mikoko ya Gazi, kusini ya Mombasa, kaunti ya Kwale, ambako kina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita juu ya tope.

Hatua ya 1: Ngoja bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana, na pwani ya Kenya hilo huangukia saa nne, saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, usijisumbue. Vaa viatu vya kufunga; tope la kule limeshanimeza ndala jozi mbili.

Hatua ya 2: Anzia baharini, rudi nchi kavu. Wa kwanza ni mlilana, majani ya mviringo, mizizi imechomoza kama pembe nene. Nyuma yake mkoko wenyewe (wengine huuita mkaka au magondi), umesimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Kisha muia, mkandaa, na ukikaribia nchi kavu, mchu. Sasa tia maneno: mkandaa mmoja ni kiumbe. Mikandaa yote ya ghuba ni kundi la spishi moja. Makundi yote, pamoja na kaa, samaki, ndege na bakteria, ni jamii. Ongeza tope, chumvi, maji na jua, hapo una mfumo ikolojia.

Hatua ya 3: Lamba jani la mchu. Sifanyi mzaha. Ligeuze, ulambe upande wa chini. Chumvi! Mchu huitoa kupitia majani. Mkoko huizuia kwenye mizizi isiingie. Halafu chokoa tope kwa kijiti: harufu ya yai viza. Humo ndani hamna oksijeni, ndiyo maana mizizi ya mchu imetokeza juu kama penseli, inatafuta hewa.

Chumvi, hewa, kupwa na kujaa ni vitu visivyo hai, na ndivyo vinavyoamua nani akae wapi. Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafunika mizizi, na mikoko mingi ikafa imesimama. Maji yalikuwepo, jua lilikuwepo, hewa ndiyo iliyokosekana. Kitu kimoja kama hicho, kinachozuia hata kama vingine vyote vipo, huitwa kigezo kikomo.

Hatua ya 4: Lifuate jani lililoanguka. Hapa usiwe na haraka. Okota jani la njano la mkoko, lifunge uzi mweupe kwenye kikonyo, liweke karibu na shimo la kaa. Simama kimya kama nguzo. Kaa akiona kivuli kinasogea hatoki. Baada ya muda atachungulia, atapapasa, kisha atalivuta jani kinyumenyume mpaka shimoni. Utaona uzi unakwenda, unakwenda, unasimama.

Mti ni mzalishaji, umetengeneza chakula kwa jua. Kaa ni mlaji. Kinyesi chake na makombo yake huchukuliwa na bakteria na kuvu, nao ndio waozeshaji, wanaorudisha virutubishi kwenye tope ili mti uvitumie tena. Majani mengi ya mikoko huliwa hivi, yakiwa yameshaanguka. Mnyororo wa chakula wa hapa unaanza na maiti.

Hatua ya 5: Chora utando. Kaa mdogo huliwa na ndege yangeyange na samaki wanaoingia na maji. Kaa koko tunamla sisi, kwa nazi. Minyororo ikiingiliana ndiyo utando wa chakula. Kosa la kila siku: mshale huelekea kwa anayekula, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda. Na kila hatua takriban sehemu moja kwa kumi tu ndiyo hupita, nyingine hupotea kwa joto na pumzi. Ndiyo sababu kaa ni wengi na yangeyange wachache.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Makazi na nafasi ya kiumbe hunichanganya.
Jibu: Marahaba. Makazi ni mahali anapoishi, nafasi ni kazi yake na namna anavyojipatia chakula. Kwenye tope lile lile utamwona kaa mwenye gando moja kubwa, anachuja tope apate mwani mdogo mno. Jirani yake ndiye yule mvuta majani. Makazi mamoja, nafasi mbili, hivyo hawagombani kwa chakula.

Swali: Kaka, umesema mchu uko nchi kavu. Huku kwetu Tanga upo hata mbele kabisa.
Jibu: Umenisahihisha, asante. Mchu huvumilia chumvi nyingi na kidogo, kwa hiyo huweza kuota ncha zote mbili. Uvumilivu wake ni mpana kuliko wa jirani zake.

Swali: Niko Nakuru, bahari sina.
Jibu: Fukua majani chini ya mwembe. Kaa hutampata, lakini jongoo na kuvu wapo, kazi ni ile ile.

Swali: Kikundi chetu kilipanda miche ya mkoko kwenye tope tupu mbele ya kijiji. Yote imekufa. Tulikosea nini?
Jibu: Poleni sana. Huenda pale pako tupu kwa sababu maji hupafunika muda mrefu mno, mche haupati hewa. Gazi miti ilikatwa miaka ya 1970 kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali, na upandaji ulioanza 1991 ulirudisha miti pale ilipokuwa imesimama zamani. Leo mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 na tangu 2013 unauza hati za hewa ukaa, yaani unalipwa kwa kaboni ambayo miti imeihifadhi. Waulizeni wazee wenu palikuwa na mti gani pale. Wakisema hapakuwa na kitu, hamisheni upandaji nyuma, kuelekea nchi kavu, na bamvua ijayo simikeni fimbo mhesabu saa ambazo maji yanasimama.