Kuonja masomo mengi bila kulipa ada

Nikionja somo jipya mtandaoni, mimi huanza na mazoezi, video baadaye. MIT OpenCourseWare, mradi wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani uliotangazwa mwaka 2001, huweka wazi mihadhara, na kozi nyingi zina mazoezi na mitihani. Hata kujisajili huhitaji. Fungua zoezi la kwanza. Ukilielewa swali japo jibu hulijui, kozi hiyo inakufaa. Usipoambulia kitu, nenda Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, ukajaze msingi, hasa wa hesabu.

Kwa wakati mmoja, chagua masomo mawili yasiyofanana kabisa. Mimi huchanganya jiolojia na falsafa: kichwa kikichoshwa na miamba, nakihamishia kwenye hoja. Matatu? Utayaacha yote njiani.

Mwalimu akiandika mlinganyo ubaoni, simamisha video kabla hajautatua. Utatue mwenyewe kwenye daftari, kisha bonyeza tena uone mlipoachana. Mhadhara wa saa moja utakula jioni nzima, na ni sawa.

Cheti? OpenLearn, tovuti ya kozi ya Open University ya Uingereza, hutoa hati ya ushiriki bure. Coursera, tovuti nyingine ya kozi, kwa kawaida hutoza. Somo likikuboa, liache tu, hakuna anayeita mahudhurio.