Shikamoo inayonyanyua pikipiki: namna ya kutengeneza filamu ya kuchekesha ya mashujaa kwa hela ndogo

Baba yangu mdogo ana miaka 72, na katika filamu yetu ananyanyua bodaboda kwa mkono mmoja. Sharti ni moja tu: lazima kwanza mtu aliye mdogo kwake amwamkie shikamoo. Akiambiwa "mambo", nguvu haziji. Akisalimiwa na mzee mwenzake, haziji. Sini ya kwanza pikipiki imemlalia kijana hapa Majengo, Moshi, na kijana analia tu, "Mzee nisaidie! Mzee fanya kitu!" Mzee amesimama pale, mikono imelegea, anamsubiri akumbuke adabu.

Anza hapo, kabla hujagusa kamera. Nguvu iwe ndogo, sharti liwe kali, shida iwe ya kila siku. Nimepiga video za harusi mjini Moshi miaka kumi na moja, na nimewaona vijana wengi wakianzia kwenye milipuko na moto wa kompyuta. Hela inaishia hapo, hadithi haijaanza.

Milipuko haihitajiki. Mwaka 2000 Wamarekani walitoa filamu ya gharama ndogo iitwayo The Specials, iliyoandikwa na James Gunn na kuongozwa na Craig Mazin. Ni kundi la mashujaa wa daraja la chini, na muda mwingi wanabishana, wananuniana, wanazungumzia ndoa na kazi. Mapigano karibu hayapo. Nilipoiona nikajua na sisi tunaweza, maana kubishana kwetu hakuna gharama.

Mashujaa wetu ni watatu. Wa pili ni mama anayeuza mitumba soko la Memorial. Anasimamisha wakati kwa sekunde sita, na anazitumia kuwahi siti kwenye haisi ya Kiborloni. Wa tatu ni fundi viatu anayepaa inchi sita kutoka ardhini, haongezi hata moja, na faida yake kubwa ni kutokanyaga tope la masika. Wanakutana kila Jumapili baada ya ibada, kama kikoba chochote: kuna mwenyekiti, katibu, daftari la mahudhurio, na ajenda ya kwanza ni fundi viatu kutolipa mchango miezi mitatu. Ukikosa mahali pa kuwakutanisha wahusika wako, wape kikao. Mtanzania yeyote anajua kikao kinavyokwenda, kwa hiyo hutapoteza dakika kueleza. Sini ninayoipenda kuliko zote ni ile wanapojadili kama salamu ya Kichaga nayo inahesabika, au ni shikamoo peke yake. Wanajadili dakika tatu nzima, na kila mmoja ana hoja.

Sharti ukishaliweka, usilivunje hata sini ikikubana. Tulipopiga wakati unasimama pale sokoni, watu kumi na wanne waliganda vizuri kabisa, mama akawa anapita katikati yao, mara kuku mmoja akakatiza mbele ya kamera, anadonoa chini kwa raha zake. Msaidizi wangu alitaka turudie. Mimi nikamwambia hapana, kuanzia leo nguvu zake hazishiki kuku. Usiku ule nikairudia skripti. Mama anafuga kuku, na ndiyo maana kila akisimamisha wakati, kuku wake wanatoroka naye hawezi kuwazuia. Kama una macho ya kuona, lokesheni itakuandikia vichekesho ambavyo wewe mezani usingevipata.

Kwa skripti, hesabu ukurasa mmoja kama dakika moja. Sisi tulikuwa na kurasa 22, na tulipiga kwa siku tisa.

Simu inatosha kupigia. Funga fokasi na mwanga kabla ya kila teki, la sivyo picha itakuwa inang'aa na kufifia yenyewe mtu anapoongea. Weka picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kunasa mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa Hz 50, na shata isiyolingana nao inafanya taa za ndani zipepese kwenye picha. Nje, kimbia jua la saa sita. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linakaa utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi, na uso usioonekana macho hauchekeshi. Sisi tulipiga saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi, tukapumzika, tukarudi saa kumi jioni.

Na mlima uogope. Kila mtu anataka Kilimanjaro nyuma ya stelingi wake, hata mimi. Lakini mita 5,895 zote zinafichwa na wingu ndani ya dakika kumi, na ukikata kutoka teki ya kwanza kwenda ya tano, mlima unatokea na kupotea katikati ya sentensi moja. Tumia mlima kwenye picha moja ndefu ya asubuhi, kisha geuza kamera upande mwingine.

Sauti ndiyo ya kutolea hela. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, ila maneno asiyoyasikia atayaacha na kuondoka. Tulinunua maiki mbili za kubana kwenye kola, jumla shilingi 70,000, tukazifunika kipande cha manyoya kutoka kwenye kofia ya mtumba ili upepo usivume. Kila maiki ilirekodi kwenye simu yake mfukoni mwa mwigizaji. Mwanzo wa teki mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera, na kwenye kuediti unalinganisha kofi la picha na la sauti. Fika lokesheni siku moja kabla, ukae tu usikilize: mashine ya kusaga inawashwa saa ngapi, azana ni saa ngapi, fundi wa kuchomelea yuko nyumba ya ngapi.

Sasa hizo nguvu zenyewe. Fundi viatu akipaa, tunaona mwili kuanzia kiunoni kwenda juu, huku amesimama kwenye kreti ya soda. Miguu tuliipiga peke yake: ananing'inia kwa mikono kwenye tawi la mparachichi, kamera inaona magotini kushuka chini, na kivuli kilichoachana na viatu kinakamilisha kazi. Bodaboda ina zaidi ya kilo mia, kwa hiyo usimwachie mzee wa watu. Vijana wawili walishika nyuma, nje ya picha, naye akainua usukani tu. Ufunguo tulitoa, mafuta tulimwaga kwenye dumu, na kijana aliyelaliwa hakuwepo chini wakati pikipiki inasogezwa.

Mavazi tulimpa fundi cherehani wa mtaani. Mama alivaa joho la kanga iliyoandikwa "Haraka haraka haina baraka". Mzee alikataa joho, akavaa koti lake la zamani la ukarani, nami nikakubali kwa moyo wote, maana anayecheza mtu wa heshima hatakiwi kuonekana amevalishwa na watoto. Hili nawaambia waigizaji wangu wote: usicheze kama unajua unachekesha. Baba mdogo alikuwa anasubiri ile shikamoo kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mashujaa hawa wamepungukiwa, lakini wanajali, na mimi nawapenda.

Bajeti yote ilikuwa shilingi 640,000, na 255,000 kati yake ni chakula. Usibane hapo. Mtu aliyeshiba mtori anarudia teki ya nane bila kununa.

Vibali usiviruke. Bodi ya Filamu Tanzania inafanya kazi chini ya sheria Na. 4 ya 1976, na utahitaji kibali chake kupiga na ukaguzi wake kabla ya kuonyesha hadharani. Pita pia kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wenye vibanda sokoni, uwaombe kwa mdomo wako mwenyewe. Muziki usichukue wa mtu. Sisi tulilipa kikundi cha matarumbeta cha harusi, wakatupigia wimbo wao wenyewe uani kwetu, na kila shujaa anapoingia tarumbeta linalia kana kwamba bibi harusi amefika.

Ukimaliza kuediti, bado hujamaliza. Tundika shuka uani, waite majirani, ukae ukiwaangalia wao, uiache skrini. Shika daftari, andika dakika na sekunde ya kila kicheko. Kwangu, kicheko cha kuku kilimeza maneno matatu ya mama yaliyofuata, na bila maneno hayo sini ya kikao haieleweki. Kesho yake asubuhi nikafungua kompyuta, nikaongeza sekunde nne za ukimya baada ya kuku.