Kufunga Cessna inayolala nje

Kitasa cha mlango cha Cessna ya zamani ni cha kumzuia mtoto. Ndege yetu hulala nje pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa hiyo propela tunaifunga kwa mnyororo mnene uliovikwa mpira mwekundu, rubani mwenye haraka auone kabla hajapanda. Kabla ya kuigusa propela, hakikisha magneto (vifaa vya kutoa cheche za injini) zimezimwa na ufunguo umetolewa. Hata hivyo usisimame mbele yake: waya wa kuzimia magneto ukikatika, propela ikisukumwa kidogo tu injini yaweza kushtuka na kukukata mkono. Ufunguo nenda nao nyumbani. Chini ya kiti ndipo kila mwizi huanzia.

Redio na GPS hubebeka kirahisi kuliko ndege yenyewe. Piga picha nambari za utambulisho zilizoandikwa juu yake.

Getini, pasi ivaliwe ionekane, na usimpitishe mtu mgongoni mwako eti "niko na wewe, boss". Mgeni msindikize kwenda na kurudi. Ukimkuta mtu anachungulia ndege isiyo yake, msalimie, muulize anamtafuta nani. Akibabaika, ita askari; usimkamate mwenyewe.