Kutengeneza kigae cha mandharinyuma kutokana na picha ya mkeka

Kigae ni picha ndogo ambayo kivinjari huirudia kwa upana na kwa urefu hadi ijaze ukurasa mzima, na kikitengenezwa vizuri msomaji haoni kinapoanzia wala kinapoishia. Nimechagua mkeka wa ukindu kwa kuwa haukosekani katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, na kwa kuwa kuugeuza kigae ni kazi ngumu kuliko mchanga au ukuta wa chokaa. Programu nitakayotumia ni GIMP, ya kuhariri picha, ambayo hailipiwi.

Hatua ya kwanza ni kupiga picha. Tandika mkeka barazani penye kivuli, kwa maana jua kali huufanya upande mmoja ung'ae kuliko mwingine, na tofauti hiyo, hata ikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana katika picha moja, hugeuka kuwa michirizi ya giza na mwanga kigae kinaporudiwa. Shika simu sambamba na mkeka, tena kwa mbali kidogo, kwa sababu ikikaribia mno hupindisha mistari ya pembeni.

Hatua ya pili ni kukata, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Kigae changu cha kwanza nilikikata mraba wa pikseli 512 bila kuutazama msuko, nikamaliza jioni nzima nikijaribu kuunga kwa brashi miyaa iliyokatika katikati. Mkeka una hesabu yake. Nyoosha kwanza picha ili msuko usiende mshazari, chagua pembe moja ya nakshi, kisha uifuate mpaka uione tena katika hali ileile. Umbali huo ndio mzunguko. Kata ukianzia kwenye pembe hiyo na kuishia pikseli moja kabla ya pembe inayolingana nayo, na ufanye vivyo hivyo kwa urefu. Mimi huchukua mizunguko miwili au mitatu, ili zile tofauti ndogo za mkono wa msukaji zisipotee.

Hatua ya tatu ni kuusogeza mshono uje katikati. Bonyeza Shift, Ctrl na O kwa pamoja, sogeza picha kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na uchague kinachotokea upande mmoja kiingilie upande wa pili. Kingo zote nne sasa zinakutana katikati kama msalaba. Pale miyaa isipokutana sawasawa tumia brashi ya kunakili, kwa herufi C. Panapotofautiana rangi tu, brashi ya kuponya, kwa herufi H, inatosha. Usiguse kingo mpya za nje, kwani hizo tayari zinalingana.

Hatua ya nne ni kuondoa kila kinachovuta jicho. Nakili kigae, fungua turubai kubwa mara tatu au nne, uijaze kwa nakshi iliyonakiliwa, kisha uitazame kwa mbali. Doa moja la chai, ambalo hukulijali mwanzoni, litajipanga kama askari kwenye gwaride. Lifute katika kigae chenyewe, ujaze upya. (Kanga nayo hujaribiwa sana: mji wake hufaa mara nyingine, lakini jina likirudiwa mara ishirini ukurasani linachosha, na mchoro una mwenyewe wa kuombwa ruhusa.)

Hifadhi kwa JPEG. Katika CSS, yaani lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa wa wavuti, andika background-image pekee, kwa kuwa kurudia ndiyo kawaida yake. Ukitaka kigae kionekane bila ukungu kwenye skrini za simu, kitengeneze kwa ukubwa maradufu, halafu ukipunguze kwa nusu kwa background-size. Mkeka wenye rangi nyekundu na kijani kibichi hushindana na maandishi, kwa hiyo ufifishe mpaka utofauti wa mwanga kati ya herufi na kila rangi iliyo nyuma yake ufikie angalau 4.5 kwa 1, kama mwongozo wa WCAG, unaohusu kurasa za wavuti zinazofikika na watu wote, unavyotaka kwa maandishi ya kawaida. Isipowezekana, weka maandishi ndani ya kisanduku cheupe na uuache mkeka ubaki pembeni.