Mama yako anapoteza misuli? Anza kumpima na kiti, mizani iache kwanza

Naanza na kosa ambalo wengi tunalifanya: tunamuangalia mama kwa mizani. Ana miaka 70, kilo ni zilezile za miaka kumi iliyopita, tunasema mama yuko fiti, kumbe misuli imeisha pole pole na mafuta yamekaa pale pale ilipokua, mizani itajuaje? Na kwa wanawake mambo huenda mbio zaidi baada ya hedhi kukoma manake estrojeni, homoni ya kike, inashuka. Hali yenyewe ikizidi madaktari wanaiita sakopenia, na mwongozo wa Ulaya wa 2019 unasema pima nguvu kwanza, wingi wa misuli baadae. Naukubali kabisa.

Kwanza muulize maswali matano. Anapata shida kubeba mzigo wa kilo 4 na nusu hivi? Kutembea kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine? Kuinuka kitini au kitandani? Kupanda ngazi kumi? Kila swali hapo hana shida ni 0, shida kiasi 1, shida kubwa au hawezi kabisa 2. La mwisho, mwaka uliopita kaanguka mara ngapi: hajaanguka 0, mara moja hadi tatu 1, nne na zaidi 2. Jumla ikifika 4 usipuuzie. Ila hata akipata 1 we endelea tu na kiti, manake maswali haya hayawagundui wengi wenye tatizo, na wamama wetu hawapendi kusema wameshindwa kitu.

Sasa kiti. Tafuta kigumu kisicho na mikono, cha sentimita 43 hadi 45 kutoka chini, kiegemeze ukutani kisiteleze, we simama pembeni yake karibu kabisa uweze kumdaka. Akae, mikono aikunje kifuani, halafu ainuke asimame wima na kukaa tena, mara tano, haraka awezavyo bila kushika popote. Washa taima ya simu ukisema "haya", izime akishasimama wima mara ya tano. Zikizidi sekunde 15, au akishindwa kumaliza, nguvu imepungua kwa kipimo cha Ulaya. Wenzetu wa Asia ni wakali zaidi, kwao kuanzia sekunde 12 tayari ni dalili. Kama anasikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au katoka kufanyiwa operesheni juzi juzi, usimfanyishe. Na kama magoti yanamuuma liandike hilo pembeni, manake hapo inawezekana umepima goti badala ya misuli.

Kutembea ni rahisi, pima mita 4 sakafuni, atembee mwendo wake wa kawaida asikimbie, rudia mara mbili uchukue iliyo nzuri. Sekunde 5 au zaidi ni mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde kushuka chini, na huo ni wa pole mno.

Kigimbi nacho kinapimwa, kwa futi ya fundi nguo. Akae, nyayo zote chini, zungusha futi pale palipo panene zaidi bila kukaza. Kwa mwanamke, chini ya sentimita 33 ni dalili ya misuli michache. Ila miguu ikiwa imevimba usikiamini hata kidogo, na mwenye mwili mkubwa mafuta yanaficha.

Hospitali wana kifaa cha kukamua kwa mkono kinachosoma nguvu ya mshiko kwa kilo. Wanawake chini ya 16 kwa Ulaya, chini ya 18 kwa Asia, hiyo ni nguvu ndogo. Vidole vyenye baridi yabisi vitadanganya, aseme mapema. Kuhakikisha wingi wa misuli kuna skani ya DEXA, yaani eksirei inayotenganisha misuli, mafuta na mifupa, au mashine inayopitisha umeme mdogo mwilini, japo hii ya pili inayumbishwa na maji, akiwa amevimba au hajanywa maji siku nzima namba zinabadilika.

Andika kila kitu na tarehe. Baada ya miezi mitatu rudia kwa kiti kilekile, viatu vilevile na saa ileile, jioni akiwa kachoka usilinganishe na asubuhi. Sekunde zikiongezeka peleka karatasi hiyo kwa daktari, na kama amepungua kilo ghafla au kaanza kuanguka, usisubiri hiyo miezi mitatu.