Umempa ruhusa, bado faili linamkatalia: kerneli inavyosoma ACL

Chukua ofisi ya kupeleka watalii mbugani, hapa Arusha, yenye seva moja ya Linux. Mafaili yako /data/safari. Mwenyewe ni elia, kundi ni booking. Mhasibu, neema, hayumo kwenye kundi hilo, ila anatakiwa kusoma na kuandika faili moja tu: bei.csv. Ukimwingiza kwenye kundi, ataona na pasipoti za wageni. Kazi hii ni ya ACL, yaani orodha ya ruhusa ya ziada inayokaa na faili lenyewe:

sudo setfacl -m u:neema:rw /data/safari/bei.csv
sudo setfacl -m u:neema:x /data/safari

Mstari wa pili husahaulika sana. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, hudai x kwenye kila folda ya njiani, kuanzia /, kabla hata ya kuligusa faili. Hiyo x peke yake inamruhusu apite, haimruhusu kuorodhesha yaliyomo. Sasa tazama ACL yenyewe (r ni kusoma, w ni kuandika, other ni watu wengine wote) kwa getfacl /data/safari/bei.csv:

user::rw-
user:neema:rw-
group::r--
mask::rw-
other::---

Kerneli huanza na swali: anayeomba ni mwenye faili? Kama ndiye, mstari wa user:: unaamua, basi. Kama siye, inatafuta mstari wenye jina lake. Ukipatikana, hukumu inaishia hapo, hata kama makundi yake yana ruhusa kubwa zaidi. Ndiyo maana u:neema:--- humfungia hata akiwa ndani ya kundi. Jina lisipokuwepo, yanaangaliwa makundi yake yote, na lazima mstari mmoja utosheleze ombi lote: kundi moja likiwa na r na jingine w, haviunganishwi kuwa rw. Akilingana na kundi lakini ruhusa haitoshi, anakataliwa. Hashushwi kwenye other.

Sasa mask, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko kitu kingine chochote. Ni ukomo wa juu kwa kila mtu aliyetajwa kwa jina na kwa makundi yote. Mwenye faili na other haiwahusu. Faili likishakuwa na ACL, tarakimu ya katikati ya chmod, amri ya kawaida ya kubadili ruhusa, haibadilishi kundi, inabadilisha mask. Mtu akipiga chmod 640 kwa nia njema, getfacl itaonyesha:

user:neema:rw-    #effective:r--

Ruhusa yake imeandikwa rw, lakini kuandika hawezi. Rudisha kwa setfacl -m m::rw. Vilevile usiiamini ls -l: alama ya + mwishoni maana yake kuna ACL, na herufi tatu za katikati ni za mask, si za kundi.

Jaribu kwa jina la mhusika, kamwe si kwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwa kuwa root hupita ukaguzi huu wa kusoma na kuandika:

sudo -u neema test -w /data/safari/bei.csv && echo sawa

Ikijibu sawa na bado programu inashindwa kuhifadhi, huenda programu hiyo huandika faili jipya kisha inaliweka mahali pa la zamani. Hapo inahitaji w kwenye folda, na hiyo w inaruhusu pia kufuta mafaili mengine. Afadhali bei.csv ihamie kwenye folda yake.

Kwenye folda hiyo mpya, setfacl -d -m u:neema:rw huweka ruhusa ya kurithiwa. Hurithiwa na mafaili yatakayoundwa baadaye tu. Yaliyopo hayaguswi, na faili lililoletwa kwa mv ndani ya diski hiyohiyo huja na ruhusa zake za zamani. Kwenye bekapu tumia rsync -A au tar --acls. Flashi ya FAT32 haihifadhi ACL kabisa.

Kumwondoa ni setfacl -x u:neema. Lakini kerneli hukagua ruhusa wakati wa kufungua faili. Programu iliyokwisha kulifungua itaendelea kuandika. Angalia ni programu gani kwa sudo lsof /data/safari/bei.csv, kisha ifunge.