Kuomba msaada wa FEMA baada ya kimbunga: tarehe, karatasi na sheria zilizo nyuma yake

Kimbunga kikishapita Marekani, kubomoka kwa nyumba peke yake hakufungui mlango wa msaada wa serikali kuu. Unaoufungua ni tangazo la rais chini ya Sheria ya Stafford ya 1988, nalo lazima litaje kaunti unayoishi. Anayeliomba ni gavana, na ana siku 30 tangu maafa yatokee. Baada ya Kimbunga Katrina cha 2005, Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2006 ili FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, iweze kupeleka watu na vifaa bila kungoja ombi la jimbo pale maisha yanapokuwa hatarini, lakini hilo ni la uokoaji. Fedha za kaya bado zinangoja tangazo. Liangalie vizuri: tangazo la dharura kwa kawaida haligusi mfuko wako, unalotafuta ni la maafa makubwa, lenye kipengele cha msaada kwa watu binafsi.

Ukiwa unasubiri, usitupe kitu kabla hujakipiga picha. Shika tepu ya kupimia ukutani, kwenye alama iliyoachwa na maji, urefu wake usomeke pichani. Piga picha kibandiko cha jokofu chenye modeli na namba yake. Kata kipande cha zulia ukihifadhi, kisha zilizobaki zitoe nje: kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na hakuna sheria inayokulazimisha kuiacha nyumba ioze ukimngojea mkaguzi.

Bima hutangulia. Sheria hairuhusu ulipwe mara mbili kwa hasara ileile, kwa hiyo FEMA itataka barua ya bima inayoonyesha imelipa nini na imekataa nini. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Bima ya kawaida ya nyumba haifidii maji ya mafuriko. Hayo yana mpango wake wa bima wa taifa, ulioanzishwa 1968, miaka 3 baada ya Kimbunga Betsy kuizamisha sehemu kubwa ya New Orleans. Kwa nyumba ya familia moja, mwisho wake ni dola 250,000 kwa jengo na dola 100,000 kwa vitu vya ndani. Madai yaliyotiwa saini yanatakiwa ndani ya siku 60 tangu hasara, isipokuwa muda ukiongezwa. Bima mpya kwa kawaida husubiri siku 30 kabla ya kuanza kazi, hivyo kuikimbilia kimbunga kikiwa tayari baharini ni kuchelewa.

Ombi la FEMA hujazwa DisasterAssistance.gov au kwa simu 1-800-621-3362, ndani ya siku 60 tangu tangazo. Andaa namba ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani), anwani, kipato, bima na akaunti ya benki. Mzazi ambaye hadhi yake ya uhamiaji haimruhusu anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake mdogo aliye raia. Familia nyingi hukosa haki hii kwa kutoijua tu.

Barua ikija ya kukataliwa, isome hadi mwisho. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja: kitambulisho, barua ya bima, uthibitisho kwamba unaishi hapo. Baada ya Kimbunga Maria cha 2017, watu wengi wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, walinyimwa msaada kwa kukosa hati ya nyumba walizorithi kwa wazazi. Mwaka 2021 FEMA ililegeza kanuni: sasa hupokea ushahidi mwingine wa umiliki, na vyote vikikosekana, tamko lako mwenyewe lenye saini. Rufaa ina siku 60 kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, si siku uliyoipokea. Andika namba ya ombi na namba ya maafa kwenye kila ukurasa, na ambatisha makadirio ya fundi yanayotaja kazi mojamoja na bei yake.

Pesa zikiingia, tumia kwa kile barua ilichotaja. Fedha za ukarabati zikiishia kwenye deni la gari, unaweza kudaiwa uzirudishe. Risiti zitunze miaka 3.